Ndege iko tayari, sasa tunangoja nani?

Hii stori unaijua, hata kama imekupata mara moja tu. Mmeshapanda, mizigo iko juu, mikanda imefungwa, na jamaa wa kiti cha dirishani ameanza kusinzia. Ndege inasukumwa nyuma, injini zinawaka, inatembea kidogo, halafu inasimama. Dakika tano. Dakika kumi. Nahodha anatangaza kwa upole kwamba kuna ndege sita mbele yenu. Unachungulia nje na kweli mikia imepangana kama matatu za Thika Road saa moja jioni.

Hapo ndipo unajiuliza: kama walijua kuna foleni, mbona walituharakisha hivyo kupanda?

Swali lako ni la maana kuliko unavyofikiri. Jibu lake fupi ni hili: aliyekuharakisha kupanda huenda hakujua kuna foleni, na aliyejua kuna foleni hakujua kwamba mmeshapanda. Wote wawili walifanya kazi yao vizuri. Shida ni kwamba kila mmoja aliifanya peke yake.

Leo tuongee kuhusu ule upande wa uwanja wa ndege ambao wewe abiria huupitia tu bila kuuona vizuri: maegesho ya ndege, njia zinakotembea, na barabara ya kurukia. Huko ndiko dakika hupotea na mafuta huchomwa bure. Na huko ndiko viwanja vingi duniani vimegundua kwamba kabla ya kumwaga saruji zaidi, kuna dawa ya bei nafuu: watu kuambiana ukweli, mapema, wote wakitazama saa ile ile.

Uwanja mmoja, wenyewe wengi

Chukua mfano wa JKIA. Ukisema "uwanja umetuchelewesha", unamlaumu nani hasa?

Majengo, maegesho na barabara ya kurukia ni ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (KAA). Lakini anayeruhusu ndege kuwasha injini, kutembea na kuruka ni mwelekezi wa ndege kule mnarani, na huyo ameajiriwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Ndege yenyewe ni ya shirika la ndege. Wanaopakia mizigo, kuleta ngazi na kusukuma ndege kwa trekta mara nyingi ni wa kampuni nyingine kabisa iliyopewa kandarasi. Wanaosafisha ndani na wanaoleta chakula ni wengine tena. Mafuta hufika Embakasi kwa bomba la Kenya Pipeline, kisha kampuni za mafuta huyajaza kwenye ndege. Maafisa wa uhamiaji wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Forodha ni KRA. Anayejua kama ukungu utashuka alfajiri ni Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ambayo nayo iko chini ya wizara nyingine. Na umeme ni wa Kenya Power.

Hesabu vidole vyako. Umeshapita kumi, na hatujamtaja rubani.

Kila mmoja ana bosi wake, bajeti yake, redio yake na kompyuta yake. Sasa fikiria ndege moja ndogo inayotoka Kisumu imechelewa kuondoka kwa dakika 25. Mnara unajua. Shirika linajua. Lakini vijana wa mizigo wameshafika kwenye egesho, wamesimama juani na mikokoteni yao mitupu wakingoja ndege ambayo haijafika. Wakati huo huo, mita mia nne kutoka hapo, ndege nyingine imefika mapema na hakuna wa kuishusha mizigo. Gari la mafuta limetumwa kwa ile ambayo haipo. Na ndani ya jengo, abiria wanaofuata wa ndege ya Kisumu wameambiwa wajipange mlangoni.

Hakuna aliyelala kazini. Kila mmoja ameamua vizuri kwa habari alizo nazo. Ila habari hizo ni vipande, na hakuna anayeona picha nzima.

Makanga na "wa mwisho, wa mwisho"

Kuna tatizo la pili, na hili utalielewa haraka kama umewahi kupanda matatu mjini.

Makanga anapiga kelele "wa mwisho, wa mwisho, tunaenda!" Unaruka ndani, kumbe viti vinne viko wazi na dereva bado anakunywa chai. Makanga si mwongo kwa tabia. Stage ndiyo imemfundisha: asipoonekana yuko tayari, abiria wataenda kwa mwenzake.

Kwenye viwanja vinavyofanya kazi kwa mtindo wa zamani, foleni hupangwa hivi: rubani anayesema kwanza "niko tayari" ndiye anayepangwa kwanza. Sasa wewe ungefanya nini? Ungejitangaza tayari mapema iwezekanavyo, uwashe injini, ukachukue nafasi yako. Wenzako wote wanafanya hivyo. Matokeo yake ni ndege nane kando ya barabara ya kurukia, zote zinanguruma, na barabara hiyo inaweza kuruhusu moja tu kwa wakati.

Kuna na kipimo kinachochochea mambo. Shirika la ndege husifiwa kwa kuondoka kwa wakati, na "kuondoka" mara nyingi huhesabiwa pale ndege inapotoka kwenye egesho, si inapoacha ardhi. Kwa hiyo ukisukumwa nyuma kwa wakati halafu ukakaa nusu saa kwenye foleni, kwenye karatasi wewe umeondoka kwa wakati. Abiria aliyeketi ndani anajua vingine, lakini yeye haandiki ripoti.

Walichofanya Munich

Mwaka 2007, uwanja wa Munich, Ujerumani, ulikuwa wa kwanza Ulaya kuanza kutumia kikamilifu mpango wanaouita uamuzi wa pamoja uwanjani, kwa kifupi A-CDM. Baadaye Paris, Frankfurt, London na viwanja vingine vikafuata. Jina ni zito lakini wazo ni jepesi.

Safari ya ndege uwanjani inakatwa katika hatua 16, kuanzia mpango wa safari unapowasilishwa, inapotua, inapoegeshwa, hadi inapopaa tena. Kila hatua ikikamilika, mhusika anaingiza habari kwenye mfumo mmoja, na wote wengine wanaiona pale pale. Ndege ya Kisumu ikichelewa dakika 25, kijana wa mizigo anajua wakati ule ule mnara unapojua. Anaenda kwanza kwa ile iliyofika mapema.

Kisha kuna saa mbili ambazo ndizo moyo wa mpango. Ya kwanza hutolewa na shirika au kampuni inayoihudumia ndege: ni saa gani milango itakuwa imefungwa, mizigo imeingia, trekta iko mahali pake? Hiyo ni ahadi yao, na ikibadilika wanatakiwa kuibadilisha kwenye mfumo bila kungoja kuulizwa. Ya pili hutolewa na upande wa waelekezi wa ndege: kwa kuzingatia ahadi za wote na nafasi zilizopo kwenye barabara ya kurukia, wewe utaruhusiwa kuwasha injini saa ngapi?

Sasa angalia kilichobadilika. Nafasi yako kwenye foleni haitegemei tena nani aliita kwanza. Inategemea ukweli wa ahadi yako. Hakuna faida ya kukimbilia barabarani, kwa sababu nafasi yako inakungoja. Foleni bado ipo, ila imehama kutoka kando ya barabara ya kurukia hadi kwenye skrini, na wewe unangoja kwenye egesho injini zikiwa zimezimwa. Ama ukae mgahawani dakika 20 zaidi umalize soda yako.

Dakika mbili ni pesa ngapi?

Unaweza kusema: sawa, dakika chache, kwani ni nini? Tupige hesabu.

Ndege kama Boeing 737-800, aina ambayo utaiona kila siku JKIA, ikitembea ardhini huchoma karibu kilo 12 za mafuta kwa dakika. Tuseme kwa mfano uwanja una ndege 100 zinazoondoka kwa siku, zote za ukubwa huo, na kila moja inaokoa dakika 2 tu. Hizo ni kilo 2,400 kwa siku. Kwa mwaka ni tani 876. Na kwa kuwa kila kilo ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa zaidi ya kilo 3 za hewa ya kaboni, umeondoa zaidi ya tani 2,700 za moshi bila kununua ndege mpya wala kupanda mti hata mmoja.

Dakika hizo mbili si ndoto. Mwaka 2016, Eurocontrol, shirika linaloratibu safari za anga Ulaya, lilichunguza viwanja 17 vilivyokuwa vimeanzisha mpango huu. Lilikuta muda wa ndege kutembea ardhini kabla ya kupaa umepungua kwa wastani wa kati ya robo dakika na dakika 3 kwa kila ndege. Ona tofauti hiyo. Kuna viwanja vilivyopata dakika tatu na kuna vilivyopata sekunde 15. Kununua mfumo peke yake hakutoshi, na tutarudi hapo.

Mfano wa kuvutia kwa Nairobi ni Gatwick, ule uwanja wa pili wa London. Kwa miaka mingi umetumia barabara moja tu ya kurukia kwa wakati, na bado umewahi kuhudumia ndege 55 kwa saa. Mwaka 2019 zaidi ya abiria milioni 46 walipitia hapo. Tusidanganyane, Gatwick ina njia nyingi za kutokea barabarani haraka na vifaa ambavyo vimegharimu pesa ndefu. Lakini kuanzia mwaka 2014 imo kwenye mpango wa uamuzi wa pamoja, na ukiwa na barabara moja, kila sekunde unayojua mapema ni dhahabu.

Kwa nini Nairobi inahusika

JKIA pia ina barabara moja ya kurukia, yenye urefu wa kilomita 4 na ushee. Iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege nzito huhitaji nafasi ndefu na hupendelea ubaridi wa usiku. Usiku huo huo ndio wakati wa safari ndefu za Ulaya, na ndege za mizigo zilizobeba maua. Halafu KQ imeijenga biashara yake juu ya kuunganisha: watu kutoka miji mbalimbali ya Afrika hutua karibu wakati mmoja, wanabadilisha ndege, kisha wote wanaondoka karibu wakati mmoja. Ndege moja ikichelewa, inazivuta tano.

Na barabara ikiwa moja, haina msaidizi. Aprili 2023, ndege kubwa ya mizigo aina ya Boeing 747 ilikwama juu ya barabara hiyo. Uwanja mkuu wa Afrika Mashariki ulifungwa kwa saa kadhaa na ndege zikaelekezwa kwingine. Agosti 25 mwaka huo huo, umeme ulipotea karibu nchi nzima na JKIA ikabaki gizani kwa muda mrefu baada ya jenereta kukataa kuwaka. Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi, na bosi wa KAA akapoteza kazi.

Unaweza kuuliza: kuambiana ukweli kungewasha jenereta? La. Lakini siku mbaya ndiyo inayoonyesha kama watu huongea. Barabara ikifunguliwa baada ya saa nne, nani anaruka kwanza? Ndege yenye abiria watakaokosa nyingine Amsterdam? Ile ambayo marubani wake wamebakisha saa moja kabla ya muda wao wa kazi kisheria kwisha? Ile yenye maua? Ikiwa hakuna aliyekubaliana mapema, jibu litakuwa anayepiga kelele zaidi, au anayemjua mkubwa.

Heathrow ilijifunza hivyo kwa aibu. Theluji ya Desemba 2010 ilifunga uwanja huo, maelfu ya safari zikafutwa, na watu wakalala sakafuni siku chache kabla ya Krismasi. Uchunguzi uliofuata ulizungumzia mengi zaidi ya uhaba wa mashine za kuzoa theluji. Ulisema pia kwamba uwanja na mashirika hawakuwa na namna nzuri ya kupashana habari na kuamua pamoja.

Sisi hapa tumependa dawa ya saruji. Jengo jipya la Greenfield, mradi wa takriban Sh56 bilioni, lilizinduliwa kwa shangwe halafu likafutwa mwaka 2016 bila kumhudumia abiria hata mmoja. Barabara ya pili ya kurukia imetajwa katika mipango miaka nenda miaka rudi. Sisemi tusijenge. JKIA imezeeka na inahitaji kujengwa. Lakini ukijenga barabara ya pili na bado kila mtu ana saa yake, utakuwa na foleni mbili.

Mahali ambapo mambo huharibika

Sasa turudi kwa wale waliopata sekunde 15. Kwa nini?

Kwanza, uongo. Kama shirika linaingiza saa ya matumaini badala ya saa ya kweli, mfumo wote unakula takataka. Makanga amerudi, safari hii ana kompyuta.

Pili, adhabu. Kama kijana wa mizigo akisema "tutachelewa dakika 15, mkanda umeharibika" anapigiwa kelele au kampuni yake inakatwa pesa papo hapo, kesho hatasema. Atanyamaza hadi dakika ya mwisho, na ukimya huo utagharimu zaidi ya mkanda. Viwanja vilivyofaulu vimejifunza kumtofautisha anayechelewa akasema na anayechelewa akaficha.

Tatu, nafasi. Kungojea kwenye egesho ni kuzuri ikiwa yapo maegesho ya kutosha. Yakiwa machache, ndege inayongoja zamu yake inaizuia inayotaka kuingia, na abiria waliotua wanakwama ndani wakitazama jengo kwa dirisha. Kwa hiyo mpango lazima uhesabu pia wanaokuja.

Nne, na hili ndilo kubwa kwetu: nani yuko mezani? Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma, wakipinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uendeshaji wa JKIA kwa miaka 30. Safari zilikwama kutwa. Hata kabla ya kujadili kama mpango ule ulikuwa mzuri au mbaya, kilichowauma wengi ni kwamba walisikia habari zake mtandaoni kama wewe na mimi. Novemba 21 mwaka huo Rais William Ruto aliufuta mbele ya Bunge.

Funzo langu ni hili: huwezi kumwomba mtu akupe ukweli kila dakika 5 kuhusu ndege, ilhali wewe unamficha ukweli kuhusu kazi yake. Uaminifu hauendi upande mmoja. Yule anayesukuma mkokoteni saa tisa usiku ndiye chanzo cha kwanza cha habari zote zinazomfikia mkurugenzi. Asipokuamini, skrini yako itakuwa nzuri na itakuwa tupu.

Wewe unaingia wapi?

Labda hujapanda ndege bado. Lakini dada yako anayeenda Riyadh kwa kazi ya mkataba akipitia Doha, akikosa ndege ya pili kwa dakika 15, ni yeye atakayelala kwenye kiti cha chuma bila pesa ya chakula. Mkulima anayetuma maharagwe mabichi Ulaya hulipwa kwa kilichofika kikiwa kibichi. Na AFCON ya 2027, tuliyopewa kuandaa pamoja na Uganda na Tanzania, itataka mashabiki, timu na wanahabari warushwe kati ya nchi tatu kwa siku chache. Hapo barabara moja itajulikana.

Kuna na kazi. Watu wengi wakisikia kazi ya uwanja wa ndege wanafikiria rubani na mhudumu. Lakini uamuzi wa pamoja unahitaji wapangaji wa safari, wachambuzi wa data, wanaotengeneza programu, na wasimamizi wa maegesho wanaojua kusoma skrini na pia kuongea na fundi. Kama unasomea takwimu au kompyuta, hiyo ni milango ambayo hukuambiwa.

Na wakati mwingine mkubwa akisimama kutangaza mabilioni ya uwanja mpya, usipige makofi tu. Uliza maswali matatu. Ndege ikichelewa kuondoka Mombasa, anayepakia mizigo Nairobi anajua baada ya dakika ngapi? Kuondoka kwa wakati kunahesabiwa mlango unapofungwa au magurudumu yanapoacha ardhi? Na siku ya taabu, orodha ya nani aruke kwanza imeandikwa wapi, na waliiandika akina nani?

Akijibu yote matatu bila kugeuka kumtazama msaidizi wake, hapo sasa unaweza kupiga makofi.